Wimbo Nilioufuta

Kwenye sendofu ya dada yangu, Morogoro, miaka miwili iliyopita, kazi yangu ilikuwa muziki. Kamati ilikuwa imeshamlipa DJ, lakini nyimbo za kuingilia ukumbini zilipaswa kutoka kwetu, kwenye flashi, zikiwa zimepangwa kwa zamu: bibi harusi, wazazi, mashangazi, keki. Mama hakuwa na maombi mengi. Aliniambia, "Mimi na shangazi zako utuwekee Kenny G. Ule wa kwenye kaseti yangu." Nikamjibu, "Sawa, Mama." Usiku ule nikafungua kompyuta, nikaufuta ule wimbo, na mahali pake nikaweka "Naima" wa John Coltrane.

Niliamini namfanyia hisani. "Naima" umo katika albamu ya Giant Steps ya mwaka 1960, na Coltrane aliupa jina la mke wake wa wakati huo. Ni wimbo wa mapenzi, wa taratibu mno, besi inang'ang'ania noti ileile huku saksofoni ikipita juu yake polepole. Nikajiambia, Mama ataingia ukumbini na kitu cha maana.

Mashangazi walikuwa wamefanya mazoezi wiki nzima: hatua mbili mbele, moja nyuma, vitenge vya sare, mikono juu. Coltrane alipoanza, hatua ziligoma. Shangazi mmoja alijaribu kucheza, akaacha. Mama alisimama kidogo mlangoni, akatazama upande wa DJ, kisha akatembea tu, kama mtu anayevuka barabara. Wakati wa chakula alinisogelea akaniuliza, "Ulisahau?" Nikamwambia DJ alichanganya mafaili. Akasema, "Haidhuru," akaenda kuwaangalia wageni.

Tangu siku ile nimejiuliza ni nini hasa kilichonipa ujasiri wa kumchagulia mama yangu wimbo wa kuingilia kwenye sherehe ya mwanawe, halafu nikamsingizia mtu aliyekuwa kazini kwake. Jibu si ukorofi tu. Nilikuwa na hoja, na hoja hiyo nilikuwa nimefundishwa.

Kenny G, ambaye jina lake ni Kenneth Gorelick, alizaliwa Seattle, Marekani, mwaka 1956. Anapiga saksofoni ya soprano, ile nyembamba iliyonyooka. Kama umewahi kusubiri kwenye mapokezi ya hoteli au kukaa harusini kabla maharusi hawajafika, umeshamsikia, hata kama jina hulijui. Albamu yake ya Breathless, ya mwaka 1992, iliuza nakala zaidi ya milioni 12 Marekani peke yake, na hakuna albamu ya ala tupu iliyouzwa kuliko hiyo. Huko China, wimbo wake "Going Home" hupigwa madukani na sehemu nyingine za umma kuwaambia watu kwamba muda umekwisha, waende nyumbani. Lakini mtaje mbele ya wapenzi wa jazi, uone. Wengine watacheka. Wengine watakasirika kabisa, kana kwamba umetaja jina la mtu aliyewaibia.

Mimi nilijifunza kicheko hicho mwaka wa kwanza wa chuo. Tulikuwa wanne, tunakutana Jumamosi jioni kwenye chumba cha mwenzetu mwenye spika nzuri na diski iliyojaa muziki. Hapo ndipo nilipowajua Monk, Mingus na Coltrane. Siukani upendo ule. Mara ya kwanza kuisikiliza A Love Supreme mwanzo hadi mwisho, hakuna aliyesema neno, na nilirudi hosteli kwa miguu nikiwa na nauli mfukoni, kwa sababu sikutaka kelele za daladala.

Lakini pamoja na upendo nilipokea kitu kingine. Kabla sijaweza kutofautisha kwa sikio saksofoni ya alto na ya tena, nilishajua kwamba Kenny G ni wa kuchekwa. Dharau ilikuwa kadi ya uanachama, na ilikuwa rahisi kuipata kuliko maarifa. Mwanasosholojia Mfaransa Pierre Bourdieu, katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu ladha na matabaka, alionyesha kwamba tunapopanga vitu kuwa bora na duni, tunajipanga na sisi wenyewe. Nilipokisoma kitabu hicho nikiwa tayari nafanya shahada ya uzamili, nilikumbuka Jumamosi moja. Mwenzetu aliweka Kenny G kwa mzaha. Wote tukacheka, na mimi nikacheka kwa sauti kuliko wote, kwa sababu wimbo ule nilikuwa naujua kwa moyo, kila mahali anapovuta pumzi. Nilikuwa mtoto wa mtunza hesabu wa duka la vifaa vya ujenzi, na sikutaka mtu yeyote pale chumbani ajue nilikoujulia.

Hata hivyo, si haki kusema kila anayemkataa Kenny G ni mtu wa kujikweza kama nilivyokuwa mimi. Wapo wenye kesi, na inafaa tuisikilize katika nguvu zake zote.

Mwaka 1999 Kenny G alitoa albamu ya nyimbo za zamani. Katika wimbo mmoja alichukua rekodi ya "What a Wonderful World" ya Louis Armstrong, ya mwaka 1967, akapiga saksofoni yake juu yake. Armstrong alikuwa amefariki mwaka 1971. Mwaka uliofuata mpiga gitaa Pat Metheny aliandika maneno makali ambayo wapenzi wa jazi wanayakumbuka hadi leo. Metheny si mtu wa kuambiwa ana wivu wa mauzo. Ana tuzo nyingi za Grammy na amejaza kumbi dunia nzima. Alieleza kwamba zamani aliuona muziki wa Kenny G kuwa mdogo, lakini haukumkera sana. Lililomchemsha ni kuuona ukipandishwa juu ya sauti ya marehemu Armstrong. Kwake hilo lilikuwa ni kunajisi kaburi.

Hoja hii haihusu ladha. Jazi ilizaliwa na Wamarekani weusi wa New Orleans katika miaka ya ubaguzi wa wazi. Armstrong alizaliwa humo mwaka 1901 katika umaskini mkubwa, na baadaye alijaza kumbi za hoteli ambazo yeye mwenyewe hakuruhusiwa kulala. Mtu anapouliza, "Nani amekupa ruhusa ya kuongea juu ya sauti ile?" anauliza swali ambalo sisi tunalielewa vizuri sana. Kwetu, kusimama msibani ukasema kwa niaba ya marehemu kuna wenyewe. Si kila aliyempenda ana haki hiyo.

Kuna na suala la jina. Redio nyingi za Marekani zilianza kuuita muziki huu wa Kenny G jazi laini, na kwa mamilioni ya wasikilizaji neno jazi likawa na maana hiyo. Wahenga walisema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Wapenzi wa jazi wanaongeza kwamba ukinywa tembo la maji kwa miaka 20, siku ukiletewa lenyewe utalitema.

Hoja hizi zilinitosha kwa muda mrefu. Zilianza kulegea nilipofuatilia historia ya ule wimbo wenyewe unaotetewa.

"What a Wonderful World" uliandikwa na watu wawili, na mmoja wao ni Bob Thiele. Huyu ndiye aliyekuwa prodyuza wa A Love Supreme. Mkono uliosimamia albamu tuliyoisikiliza kimya kama tupo ibadani ndio huo huo ulioandika wimbo wa vinanda vitamu na maneno mepesi kwa ajili ya soko. Na soko la Marekani lilipoletewa halikuutaka. Mkuu wa kampuni ya rekodi hakuupenda, hakuutangaza, na nakala zilizouzwa huko zilikuwa chache mno. Uingereza ndiyo iliyoupandisha hadi namba moja, mwaka 1968. Marekani iliupokea kwa wingi baada tu ya kuusikia kwenye filamu ya Good Morning, Vietnam ya mwaka 1987. Wimbo ambao leo ni kaburi lisiloguswa ulianza maisha yake kama muziki laini wa kuuza.

Armstrong mwenyewe naye alishadharauliwa na watu wa jazi. Wanamuziki wa kizazi kilichomfuata, akiwemo Dizzy Gillespie, walimwona kuwa mtu anayewachekea wazungu ili alipwe. Katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1979, Gillespie alikiri kwamba alimhukumu vibaya. Alikuja kuona kwamba kile kicheko kilikuwa ni kukataa ubaguzi umnyang'anye furaha yake. Tena mwaka 1957 ni Armstrong huyohuyo aliyemshambulia hadharani Rais Eisenhower kwa kusitasita kuwalinda wanafunzi weusi wa Little Rock, akakataa kwenda Urusi ya Kisovieti kwa safari ya serikali.

Na kuna jambo moja ambalo nililisoma mara mbili kuhakikisha sikukosea. Bendi ambayo Armstrong aliisifu miaka yote ni ya Guy Lombardo, bendi ya dansi ya wazungu ambayo wapenzi wa jazi waliicheka kwa utamu wake. Yaani mzee anayetetewa dhidi ya Kenny G alikuwa na Kenny G wake, na hakuona aibu kumtaja.

Hata jina la jazi lenyewe halijawahi kukaa mahali pamoja. Mimi ni mtu wa Morogoro, mji uliomlea Mbaraka Mwinshehe katika bendi ya Morogoro Jazz. Ile haikuwa jazi ya New Orleans. Ilikuwa dansi, na magitaa yake yalikuwa jirani zaidi na Kongo kuliko Chicago. Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, wote walichukua neno kutoka mbali wakalivalia kazi yao. Kama usafi wa jina ungekuwa sheria, fahari kubwa ya mji wangu ingelazimika kubadilisha bango. Najua tofauti ipo: bendi zetu hazikumfunika mtu wa New Orleans redioni, wala hazikumnyang'anya mlo. Lakini hapo tumeshaacha kuzungumzia usafi. Tunazungumzia nani amelipwa na nani amesahauliwa, na hilo ndilo swali zito zaidi.

Kwa hiyo nikaanza kutenganisha mashtaka ambayo siku zote niliyabeba kama furushi moja. La kwanza linahusu sauti: kwamba muziki huu hauna kina. La pili linahusu deni: kwamba umechukua jina na pesa za watu wengine. La tatu linahusu msikilizaji: kwamba anayeupenda ni mtu asiye na kina.

Kwa la kwanza nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya nikiwa mtu mzima. Nilivaa spika za masikioni, nikaisikiliza Breathless yote bila kushika simu. Nilisikia mtu anayeijua ala yake. Uvivu si kosa lake: mwaka 1997 alishika noti moja kwa zaidi ya dakika 45 bila kuikata, na katika filamu ya Penny Lane ya mwaka 2021 anaeleza kwamba hufanya mazoezi kwa muda wa saa tatu kila siku. Nilichokikosa ni watu wengine. Saksofoni inasema, vinanda vinaitandikia kitanda, ngoma inahesabu. Hakuna anayembishia. Katika kundi la Coltrane la A Love Supreme, Elvin Jones yuko nyuma na ngoma zake anauliza, anapinga, anasukuma, na Coltrane inambidi ajibu hapohapo. Bado naamini muziki wa namna hiyo ni kazi kubwa zaidi, na siombi radhi kuliamini hilo. Mskoti David Hume, katika insha yake ya mwaka 1757 kuhusu kipimo cha ladha, alisema mwamuzi mzuri anahitaji akili timamu, hisia makini, mazoezi, na kulinganisha, na pia awe ameondoa chuki moyoni kabla ya kuketi kuamua. Mazoezi nilikuwa nayo kiasi. Chuki nilikuwa nimeiweka kama msingi.

Shtaka la pili nalo linasimama. Mtu anaweza kuupenda wimbo wa Kenny G na bado akasema kwamba asingegusa rekodi ya Armstrong.

Ila la tatu halina pa kusimama. Hakuna daraja kutoka "wimbo huu ni mwepesi" hadi "wewe unayeusikiliza ni mwepesi." Kitu chepesi kinaweza kuwa mkononi mwa mtu aliye katika kazi nzito kabisa. Huwezi kulijua hilo kwa kuusikiliza wimbo. Inabidi umuulize mtu.

Kuna wanaotaka kulimaliza suala hili kwa kusema kila mtu na ladha yake. Nami nilikaribia kumwomba Mama msamaha kwa maneno hayo. Baadaye niliona yana dharau yake, iliyovaa adabu. Wale wanne wa Jumamosi tuligombana kuhusu Monk mpaka usiku wa manane, kwa sababu kila mmoja aliamini mwenzake ana masikio. Kwa nini sikuwahi kugombana na Mama? Ningeweza kumwambia, "Mama, wimbo ule siupendi, sababu ni hizi, hebu sikiliza na huu." Angenikatalia, tungebishana, na ukumbini ungepigwa wa kwake kwa kuwa sherehe ilikuwa ya kwake. Badala yake nilimjibu "sawa" kisha nikabadilisha usiku amelala. Sikumheshimu kiasi cha kumwekea alichoomba, wala sikumheshimu kiasi cha kubishana naye. Hiyo ndiyo dharau kama nilivyokuja kuielewa: ni kumwamulia mtu mwenye akili zake bila yeye kuwepo. Na haijalishi kwamba ulichomchagulia ni Coltrane.

Krismasi iliyopita nilimkuta Mama uani anachambua mchele. Nikakaa kwenye kigoda cha pembeni, nikamwambia, "Mama, ule wimbo wa sendofu, DJ hakuchanganya chochote. Niliufuta mimi."

Hakuinua uso. "Najua. DJ nilimfuata usiku uleule. Akanionyesha flashi, haukuwemo. Nikamwomba radhi kwa kumdhania vibaya."

Sikuwa na la kusema. Mama alikuwa ameshaibeba na aibu yangu, miaka miwili, bila kunirudishia. Nilimwomba msamaha, akanyamaza kidogo, akatupa vijiwe viwili, akasema, "Ila kusingizia mtu si vizuri."

Ndipo nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kuliuliza nikiwa mwaka wa kwanza: kwa nini kaseti ile?

Alinieleza kwamba aliinunua wakati anasoma masomo ya jioni ya uhasibu, sisi tukiwa wadogo. Alikuwa anarudi dukani, anapika, anatulaza, ndipo anafungua madaftari. Nyumba ikiwa kimya kabisa, usingizi unamchukua. Akiweka nyimbo za dansi, anaimba. "Wimbo wenye maneno ukiimba unakosea hesabu," alisema. "Huyu hakuwa na maneno."

Nikamwambia kwamba Kenny G naye ana shahada ya uhasibu, aliipata Chuo Kikuu cha Washington. Mama aliweka ungo chini. "Kumbe ni mwenzangu!"

Nilimwekea "Naima" kwenye simu, safari hii mchana na kwa ruhusa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Huyu kuna kitu anaomba." Nikamuuliza, je, Kenny G? "Yeye haombi. Anakaa na wewe tu mpaka umalize." Nikamweleza ninachokikosa kwa Kenny G: kwamba hakuna anayembishia, hakuna anayemkatiza, mazungumzo ni ya mtu mmoja. Alifikiri, mkono ukiwa kwenye mchele.

"Mimi nikiwa kwenye hesabu," akasema, "sitaki mtu wa kunikatiza."

Hoja hiyo sikuisikia Jumamosi hata moja, na bado sijapata jibu lake. Harusi ya mdogo wangu ni Desemba. Muziki nimepewa tena, ila flashi atakaa nayo Mama.